Kalibu Iliyokataa Kuachia

Mchomeleaji wa mtaa wetu tulimwita Cheche. Aliacha karakana ya shemeji yake ili ajitegemee, ayeyushe risasi chakavu ya betri kuukuu na kuiuza ikiwa matofali. Kalibu, chombo cha kumiminia risasi ipate umbo la tofali, aliichomelea mwenyewe kwa vyuma bapa, kuta zake wima, kona zimenyooka hasa. Tatizo ni kwamba risasi ilipopoa iligoma kutoka. Aligonga nyundo mpaka mkono ukafa ganzi.

"Kesho narudi kwa kaka yako," akamwambia mkewe, muokaji mikate. "Acha anicheke tu."

"Hebu tazama kopo langu la kuokea, baba watoto. Juu pana, chini pembamba, mkate unadondoka wenyewe. Wewe umeijengea risasi jela!"

Cheche akacheka, apende asipende. Akakata kuta, akazilaza kidogo kwa nje, akachomelea upya. Akaipasha moto kalibu ikauke kabisa, maana unyevu huirusha risasi ya moto, ndipo akamimina risasi na kungoja ipoe. Alipoipindua na kuigonga mara moja tu, tofali likaanguka lenyewe, ti!

"Mama watoto, limetoka! Kwa kaka yako sirudi ng'o!"

"Hongera, mume wangu. Ila kopo langu usilisogelee na risasi yako!"