Jumba la Vita Lililokuwa Halijaezekwa

Sababu ya safari ilikuwa macho ya shangazi yangu Kemunto. Mwanzoni mwa miaka ya sabini ukungu ulianza kuyafunika, na daktari wa misheni akamwambia wazi kwamba mwaka ukiisha huenda asiweze kuutofautisha uso wa mtu na ukuta. Siku hizohizo jirani yetu wa Gesima, mzee aliyepigana vita vya Hitla, alirudi kutoka mjini Kisii na habari. Katika jumba dogo la makumbusho ya vita aliona picha ya wapagazi wa huku kwetu, wale waliochukuliwa kubeba mizigo katika vita vya Mjerumani. Ombati, kaka yake shangazi, alichukuliwa hivyo shangazi akiwa kigoli. Hakurudi, na nyumbani hatuna picha yake wala kaburi.

"Nipeleke sasa," shangazi aliniambia. "Mwaka ujao utanipeleka kupapasa kioo tu."

Ijumaa alfajiri tulipanda lori la chama cha ushirika lililobeba magunia ya pareto. Mimi ni mwalimu, na mwalimu akienda mjini huvaa koti, basi nililivaa langu la harusi. Tulikalishwa juu ya magunia. Aliyewahi kusafiri juu ya maua ya pareto yaliyokauka anajua: tulipiga chafya kutoka Gesima hadi Keroka, shangazi akicheka kila nilipojaribu kupiga yangu kistaarabu.

Kutoka Keroka jua lilichomoza, na migomba ikawa inang'aa pande zote mbili za barabara. Shangazi aliniuliza kila kilima kinaitwaje, ingawa vilima hivyo anavijua kuliko mimi. Nilitambua kwamba anaviaga, nikamtajia vyote.

Kisii, saa za asubuhi bado, tulifika kwenye jumba. Mlango wa mbele ulikuwa umezibwa kwa mabati. Jumba lilikuwa linapanuliwa kwa harambee. Upande wa kushoto ukuta mpya wa matofali ulikuwa umefika juu ya madirisha, lakini paa lilikuwa bado. Chumba cha zamani kilibaki nyuma yake, na njia ya kukifikia ilikuwa ubao mmoja uliopita juu ya msingi. Kina mama wa kanisa moja la Kenyenya, waliokuja kujitolea siku hiyo, walikuwa wakipandisha maji kutoka mtoni.

Msimamizi wa ujenzi, mtu mnene wa Maragoli mwenye sauti ya upole, alitusimamisha kwenye ubao.

"Kuingia hapana, mama. Wageni mpaka mwaka ujao. Huko ndani ni wafanyakazi peke yake. Tofali ikiangukia mgeni, mimi nitasema nini?"

Nilimweleza habari za Ombati na za macho ya shangazi kwa Kiswahili changu cha darasani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu, nasikia uchungu," alisema. "Lakini sheria si yangu. Rudini kesho, mwenye jumba atakuwa hapa."

"Kesho ni Sabato," nilimjibu. Kwa mtu wa kanisa letu maneno hayo yanatosha.

Niligeuka nimfariji shangazi, nikamkosa. Alikuwa ameshajitwika debe na kuingia katika mstari wa wanawake wa Kenyenya, akiuliza habari za jamaa zake wa huko. Kwetu watu wakiwa katika egesangio, yaani kazi ya ujima, huwapiti kwa salamu tu. Unatua mzigo wako, unashika kidogo, ndipo uende zako. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shangazi alilidai lake kabla hata ya kupewa kiti. Mpaka leo sijui kama ilikuwa adabu au ujanja.

"Hilo koti litakusaidia nini?" aliniuliza alipopita. Nililitundika kwenye nguzo, nikaanza kupokezana matofali na mafundi.

Mchana mvua ya Kisii ilikuja bila kubisha hodi. Ukumbi mpya haukuwa na paa, hivyo sote tulikimbilia chumba cha zamani, na msimamizi akasimama mlangoni akituhimiza. Alipomwona shangazi alimzuia kwa mkono.

"Si wewe nilikukataza?"

"Ulikataza mgeni," shangazi alisema. "Mimi nabeba maji tangu asubuhi. Mgeni ni nani?"

Kina mama wakacheka, na msimamizi akacheka kuliko wote. Alituongoza hadi ukutani, akafunua kwa mkono wake mwenyewe turubai lililozuia vumbi, akaimulika picha kwa kurunzi.

Ulikuwa mstari mrefu wa wanaume njiani, nyuso ndogo, nyingine zimefifia. Shangazi aliweka pua karibu na kioo, akaenda mtu kwa mtu. Wote walikuwa na masanduku kichwani. Karibu na mwisho alisimama.

"Huyu."

Uso wa mtu yule haukuonekana vizuri, aligeuka picha ilipopigwa. Lakini sanduku lake lilikuwa begani.

"Kichwani hubeba wanawake," shangazi alisema, machozi yakimtoka huku anacheka. "Wamemwambia abebe kichwani, akakataa. Aliapa hivyo siku wanamchukua, mama akamsihi anyamaze asichapwe. Ona, ameweka begani."

Nilifurahi. Mtu niliyezoea kumsikia akililiwa nilimkuta barabarani, akibishana na serikali.

Jioni lori liliturudisha tupu, bila chafya, tukafika Gesima kabla jua halijazama. Nilijifunza kwamba tulikuwa tumemhurumia Ombati kupita kiasi.

Sabato asubuhi kanisani, ulipofika wakati wa salamu, shangazi Kemunto alisimama akashika kiti cha mbele.

"Jana nimemwona kaka yangu," alisema. "Hajambo."