Anatafuta Nini Yule Mtu?

Mama yangu kule Tinde alikuwa akisema kwamba mimi siku nikifa nitaamka kidogo niulize jeneza limenunuliwa wapi. Hakusema kwa mzaha, alisema kwa kuchoka. Nimekua nikiuliza, nimesomea ualimu nikiuliza, na nilipopangiwa kufundisha Kiingereza Bugarama, karibu na mgodi mkubwa, niliona nimefika kwetu. Pale karibu kila mtu ametoka kwingine, na kila mtu ana sababu yake ya kutoka.

Jumamosi mchana nilikuwa na darasa la watu wazima. Walitaka kazi mgodini, na usaili wa mgodini hufanywa kwa Kiingereza. Alikuwepo mama lishe mmoja aliyetaka kupika kwenye bwalo la wafanyakazi, dereva wa bodaboda aliyetaka kuendesha gari kubwa, walinzi wawili, na wengine waliokuja na kupotea. Ikisikika tu kwamba dhahabu imetoka mahali, benchi zima linahama. Kitabu changu kilikuwa na picha ya mzungu anachuma matunda. Jana alichuma, leo anachuma, kesho atachuma. Dereva wa bodaboda akaitazama ile picha kwa muda, kisha akaniuliza, "Huyu mtu hana kazi nyingine?"

Nilikasirika, halafu nikaona ana haki. Nani ajifunze nyakati za Kiingereza kwa mtu asiyemhusu? Nikaamua kutumia filamu, maana filamu watu wa Bugarama wanazipenda kuliko chakula.

Filamu zilikuwa kwa Dijei. Yeye alikuwa na banda la video, la mabati, lenye mabenchi ya mbao, tivii kubwa na spika mbili zilizofunikwa kitenge kwa sababu ya vumbi. Alikuwa mrefu, wa miaka arobaini na kitu, mkimya mpaka ashike maiki. Akishika maiki anakuwa watu kumi. Jioni alipunguza sauti ya filamu, akakaa kando ya tivii na kuisimulia yote kwa Kiswahili, Kisukuma kikiingia pale hasira zinapopanda. Mwanamke akilia, analia yeye. Mbwa akibweka, anabweka yeye. Kiingereza hakujua hata kidogo. Mji mzima ulilijua hilo na hakuna aliyejali, kwa kuwa alichokisimulia mara nyingi kilikuwa kitamu kuliko filamu yenyewe.

Banda halikuwa na kazi mchana, akaniazima. "Ila mimi sisomi, madamu," alinionya. "Mimi nalinda spika zangu." Akawa anakaa benchi la nyuma kabisa, karibu na swichi, mikono amekunja.

Baada ya miezi michache ya filamu nyingine, nilichagua moja kutoka kwenye boksi lake, nikaenda kuitazama nyumbani kwenye kompyuta, na sauti yake ya Kiingereza. Ilinifaa kwa sababu ilikuwa na maneno machache na matendo mengi. Mwanamume anashuka kwenye treni. Anapanda kilima, anafika kwenye nyumba iliyobomoka, anachimba chini ya ukuta ulioanguka. Anatoa mfuko mrefu umejaa udongo. Anapita kwa bibi kizee, anapewa maji, anabeba mfuko begani mpaka stesheni. Ni mwizi aliyetoka gerezani, amerudi kuchukua pesa alizozifukia. Mwishoni, ndani ya treni, anafungua mfuko na noti zinamwagika.

Jumamosi ikafika. Nilizima sauti, nikawa nasimamisha picha kwa rimoti na kuuliza. Alifanya nini? Anafanya nini? Atafanya nini? Tulikuwa na desturi yetu: mtu akipata sentensi sahihi, darasa zima linairudia kwa sauti moja. Siku hiyo mabati yalitetemeka. Alishuka kwenye treni. Alipanda kilima. Anachimba. Nilifurahi kama mtu aliyevumbua jambo.

Kisha nikauliza, anatafuta nini?

"Anamtafuta mdogo wake," akajibu mlinzi mmoja kwa Kiingereza safi.

Nikasema jaribu tena. Akajaribu mama lishe: anamtafuta mdogo wake. Dereva wa bodaboda: anamtafuta mdogo wake, ukuta ulimwangukia. Sentensi zote zilikuwa sahihi, na mdogo mtu hayumo kabisa kwenye ile filamu. Nikawauliza mfukoni kuna nini. Wakaniambia, huku wamenikazia macho, kwamba mfukoni kuna mdogo wake, anampeleka nyumbani akazikwe.

Ningekuwa mwalimu mwingine ningewasahihisha na kuendelea. Mimi nilikosa raha wiki nzima. Darasa zima linakoseaje kosa moja lilelile?

Dijei alipoionyesha tena ile filamu, nilikwenda na mimi, nikakaa kati ya wachimbaji waliojaa vumbi la karasha, zile mashine za kusaga mawe, mpaka kwenye kope. Nikamsikia. Yule mwanamume, kwa sauti ya Dijei, alishuka kwenye treni akisema amechoka kuota. Alipochimba, Dijei alihema naye, pumzi kwa pumzi, akimwambia mdogo wake asogee kidogo, mwanga unakuja. Bibi kizee akawa mama yao. "Mayu," akasema, na hata asiyejua Kisukuma angejua kuwa hilo ni jina la mama, "mayu, nimekuja naye." Mwanamume akapanda treni na mfuko wake, na hapo hapo Dijei akazima tivii.

Zilikuwa zimebaki dakika kumi hivi, zile za pesa. Watu waliinuka taratibu, wakatoka, na hakuna aliyedai kilichobaki. Katika banda lile, ambako umeme ukikatika mabenchi huwa yanarushwa, hilo lilinishangaza kuliko mdogo mtu mwenyewe.

Nilimkuta anakunja nyaya. "Shikamoo, Dijei."

"Marahaba, madamu."

"Mbona huimalizi?"

"Imeisha pale."

"Haijaisha. Yule mtu ana pesa kwenye mfuko."

Akaendelea kukunja waya, kiganja mpaka kiwiko, kiganja mpaka kiwiko. Aliponijibu hakutumia sauti yoyote kati ya zile za maiki. "Filamu ziko nyingi kwenye boksi. Chukua yoyote ukafundishie. Hii niachie."

Kuuliza si ujinga, lakini pia si kazi ya kufanyia kila mtu. Nikaenda kumuuliza mwingine. Mama lishe alinipakulia wali na maharage, akaketi mbele yangu na mwiko mkononi, akanieleza kama anayeeleza njia ya kwenda sokoni.

Dijei alikuwa mchimbaji. Yeye na mdogo wake walikuwa na duara lao, lile shimo la kushuka kwa kamba, upande wa Bulyanhulu. Masika moja, mdogo mtu akiwa chini na yeye akiwa juu anavuta kamba, kifusi kilishuka. Alichimba yeye, na majirani wakachimba, mpaka maji yakajaa na udongo ukaanza kuwatafuta wachimbaji wenyewe. Wakaacha. Kwao walikaa matanga bila kaburi. Mama yao mpaka anafariki alikuwa akiulizia mtoto wake kaachwa wapi. Dijei hakushuka tena shimoni. Alinunua tivii.

"Na nyinyi mnaamini filamu inasema hivyo?" nikauliza.

Akanitazama kwa huruma. "Mwalimu, tuna simu sisi. Yule wa bodaboda aliitazama yote zamani. Tunajua ni pesa."

"Sasa mbona mlinijibu vile?"

"Si Dijei alikuwa amekaa nyuma?" Akaufuta mwiko kwenye kanga yake. "Wewe ulikuwa unafundisha. Mwenzio alikuwa anazika."

Nikaweka kijiko chini. Niliona uchungu, tena wa kweli, kwa mtu ambaye jioni baada ya jioni anamtoa ndugu yake chini ya ukuta wa nchi ya mbali kwa sababu kule kwake alishindwa kumtoa. Na niseme yote: niliona wivu pia. Nimefundisha miaka mingi na sidhani kama kuna darasa limewahi kunilinda mimi namna ile. Nilielewa pia hatari niliyokuwa nimeibeba kwenye rimoti. Ningeiongeza sauti kidogo tu, mwizi angesema neno lake moja kuhusu pesa mbele ya watu, na Dijei asingeweza kuisimulia tena.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na filamu nyingine, ya wapishi wanaogombana, nikajua itamfaa mama lishe. Nikakuta tivii imeshawashwa. Mwanamume amesimama kwenye mlango wa treni, Dijei kamsimamisha.

"Anza na hii," akasema.

"Nilikuachia."

"Wameshazoea maneno yake." Akarudi kwenye benchi lake la nyuma.

Niliiacha bila sauti. Tukaanza kama kawaida. Alishuka. Alipanda kilima. Anachimba. Walikuwa wamejifunza, sikuwa na haja ya kusaidia. Nikauliza anatafuta nini, wakasema anamtafuta mdogo wake, na safari hii nikasema sahihi, warudie. Wakarudia.

Mwanamume akabeba mfuko, akashuka kilima, akafika stesheni. Nikasimamisha picha. Lilibaki swali moja la wakati uliopita, na ninakiri sikulipanga, lilinitoka tu kwa ile tabia yangu.

Je, alimpata?

"Ndiyo," wakasema, wa kwanza dereva wa bodaboda, haraka. "Alimpata."

"Hapana."

Sauti ilitoka nyuma. Dijei alikuwa amesimama, mkono mmoja uko kwenye ukuta wa bati. Miezi yote ile sikuwahi kumsikia akitamka neno la Kiingereza. Alilitafuta kila neno kwanza, akaliweka, ndipo akatafuta lingine, na yote yalikuwa mahali pake.

"Alichimba," alisema kwa Kiingereza. "Alichimba sana. Hakumpata."

Nilishika rimoti na sikujua niifanyie nini. Sentensi ilikuwa sahihi.

Mama lishe hakunisubiri. Alikuwa anatazama mbele, kwenye tivii, kwa mwanamume na mfuko wake. Akaanza yeye, kwa sauti ya chini, na walinzi wakamfuata, na dereva wa bodaboda, kama tulivyozoea, darasa zima, bila mtu kugeuza shingo.

"Hakumpata."