Mwanangu Analia Nikimpa Titi Tangu Alipotahiriwa

Admin, naomba ufiche jina langu, maana mama mkwe naye anaufuata ukurasa huu. Nina miaka ishirini na mitatu, tunalima maharage na mihogo kwenye milima ya Masisi, na mtoto wangu wa kwanza, wa kiume, ana wiki tano.

Siku nne za kwanza alikuwa mlafi kwelikweli, ananyonya huku amenikodolea macho hadi nacheka peke yangu. Siku ya tano mama mkwe akasema atahiriwe angali mdogo, hatakumbuka. Kwenye kituo cha afya muganga akaniambia, "Mama, umupatie titi. Akiwa ananyonya hatasikia kitu." Nikamwamini. Alipokatwa, mwanangu aliachia titi akapiga yowe, na mimi, kwa aibu ya zile kelele mbele za watu, nikamkandamiza kichwa kifuani anyamaze. Hilo sijamwambia mtu yeyote mpaka leo.

Kidonda kimepona, ila mimi na yeye bado. Nikifungua blauzi tu anajikunja, anageuza uso, analia mpaka pumzi inamkatika; hunyonya kidogo tu akiwa usingizini. Nikaanza kuogopa hata kumshika. Kumwogesha nikamwachia wifi yangu, aliyekuja kutoka Pinga na kichanga chake mwenyewe. Siku moja wifi akampa titi lake, akanyonya mpaka akalala! Nilimshukuru Mungu, kisha nikaenda nyuma ya jiko nikalia kwa wivu.

Sasa mama mkwe ameshaamua. "Maziwa yako njo iko mubaya. Siku ya posho mutoto anaenda Pinga na shangazi yake, utamuona akishaacha kunyonya." Posho kwetu ni Jumamosi. Nilipomuuliza mume wangu, akajibu, "Ile ni mambo ya bamama." Kwani mimi si mama?

Maziwa yangu yanapungua, nayakamua na kuyamwaga chini, maana mama mkwe amekataza nisimpe hata kwa kijiko. Nikimzuia mtoto, atakonda kwa ajili ya kiburi changu. Nikimwachia, atakua akijua mama yake ni mwingine.

Jana akiwa mikononi mwa wifi nilinyoosha mkono nimguse shavu. Akaachia titi, akaanza kulia. Wifi akaniambia taratibu, "Dada, sogea kidogo, mutoto anyonye." Nikasogea.

Pikipiki imeshaagizwa. Wazazi wenzangu mliopitia haya, niambieni ukweli hata kama unauma: nimtoe aende Pinga, ao nizidi kumliza? Nifanye nini?