Kumnong'onezea Mfalme

Shangazi yangu alifanya kazi ndani ya shimo. Lilichimbwa mbele ya jukwaa na kufunikwa kibao upande wa watazamaji, nalo lilimtosha mtu mmoja aliyekunja magoti. Humo alimnong'onezea mumewe maneno ya mchezo ule wa zamani wa mfalme anayepinduliwa. Mumewe ndiye mfalme. Mtaani walimwita Bwana Mkubwa, na jina lilikuwa limempanda kichwani.

Kumbukumbu ilikuwa imemwishia, lakini thubutu umwambie! Alisubiri kila sentensi itoke shimoni, akaingurumisha, akapigiwa makofi. Mimi niliyekata tiketi mlangoni niliona yote na roho iliniuma.

Binti yao, aliyeolewa mji mwingine, alikuwa amejifungua. "Mama, njoo basi, nimezidiwa," alilia kwenye simu.

"Nakuja, mwanangu. Ngoja niseme na baba yako."

Na kweli, siku hiyohiyo alimwambia, Bwana Mkubwa akivalishwa joho. "Mume wangu, leo ndiyo mwisho. Naenda kumsaidia mtoto."

"Nipe taji," akajibu. "Watu wananisubiri."

Shangazi akampa, akaingia shimoni na machozi yake.

Ikafika pale mfalme anapovua taji. Bwana Mkubwa akalivua, akasubiri kulishwa maneno. Chini, shangazi uzalendo ukamshinda. "Nimechoka," akasema, akijisemea tu. "Niache niende kwa mwanangu."

Mumewe alikuwa hachagui tena maneno. "Nimechoka!" akanguruma. "Niache niende kwa mwanangu!"

"Siyo hayo, jamani!"

"Siyo hayo, jamani!"

Nilidhani watacheka. Wapi! Ukumbi mzima watu walikuwa wanafuta macho. Shangazi akaona kilichobaki ni kuyamaliza. "Umenifungia humu hadi nimezeeka," akanong'ona polepole, na mfalme akayatoa neno kwa neno. Watu wakasimama kushangilia.

Pazia liliposhuka, mwongozaji alimkumbatia Bwana Mkubwa, kisha akainamia shimo. "Mama, umetuokoa! Maneno hayohayo kila onyesho, tafadhali. Bila wewe hatuna mfalme."

Shangazi alimtazama mumewe.

"Maneno gani?" Bwana Mkubwa akauliza. Hakuwa anatania. Alishika ukingo wa shimo kama mtoto aliyepotea sokoni.

Shangazi akanigeukia. "Mpigie dada yako," akasema. "Mwambie atafute mtu mwingine."