Zoila Aitikia Asichokisikia

Sokoni kwetu Azogues, huko milimani, Zoila Yumbla alioka nguruwe mzima kila Jumamosi, na sauti yake ilikufikia kabla ya moshi wa tanuri lake. Mimi nauza maua mlango wa pili, kwa hiyo naijua vizuri. Watu wa pwani alikuwa hawapendi hata kidogo. Marehemu mumewe alikwenda kufanya kazi kwao akarudi anataka wali asubuhi, mchana na jioni, na Zoila hakuwasamehe.

Basi bahati nasibu ya kanisa ilipomwangukia Melchora, shoga yetu fundi cherehani, na zawadi ikawa siku chache mjini Guayaquil, huko huko pwani, kwa watu watatu, Zoila akasema haendi ng'o. Asubuhi ya safari tulimkuta kituoni katutangulia, kavaa sketi mbili na shali la sufu.

"Nakuja kuwalinda," alisema. "Nyie wawili mtauzwa huko."

Barabara ya kushukia pwani hupita mawinguni kisha huporomoka kama jiwe lililotupwa kisimani. Masikio yetu sote yakaziba. Yangu na ya Melchora yalifunguka tulipopiga miayo. Ya Zoila yakagoma. Alimeza mate, akatafuna peremende, akajibana pua na kupuliza mpaka macho yakamtoka. Wapi!

"Tulia, yatafunguka tu," Melchora akampigia kelele.

"Nani kajifungua?" akauliza Zoila.

Tukafika mjini naye kiziwi hivyo hivyo, na kiziwi hajui kipimo cha sauti yake. Ndani ya teksi akaninong'oneza, mnong'ono uliomfanya askari wa barabarani ageuke: "Targelia, huyu dereva ana sura ya mwizi wa kuku!"

Dereva akamtazama kwenye kioo. "Mwambieni bi mkubwa kuku siibi. Naibia abiria tu."

Zoila aliona midomo ikicheza, akatabasamu kwa adabu. "Ahsante, nawe pia."

Huo ndio ukawa mtindo wake. Hakutaka mtu wa pwani ajue kwamba ana upungufu wowote, kwa hiyo kila alipoambiwa jambo alitikisa kichwa na kusema, "Ndiyo, bila shaka." Tulitembea kando ya mto, tukapanda ngazi za kilima cha Santa Ana katikati ya nyumba za rangi rangi, jasho likimtiririka kama bomba bovu, na shali hakulivua. Eti sufu huzuia joto lisiingie.

Jioni tukaenda kula kaa. Mwenye mkahawa, Wellington Plúas, alikuwa mgane mwenye kitambi na masharubu, tena ndiye mlezi wa timu ya mpira ya mtaa. Alitupa kila mmoja kibao na nyundo ya mti ya kuvunjia magamba. Zoila akainua yake kama mtu anayeua nyoka. Pigo moja tu, gamba likaruka likatua ndani ya bia ya Wellington.

Mzee alicheka, akavuta kiti akakaa. Wakaongea sana. Yaani aliongea yeye, Zoila akaitikia. Mimi na Melchora hatukufuatilia, maana mtu anayepambana na kaa hana nafasi ya kusikiliza ya jirani. Kesho yake Zoila mwenyewe ndiye aliyetuvuta turudi pale.

"Ni kwa sababu ya kaa tu," alisema, bila kuulizwa.

Siku ya tatu tulikwenda kwenye bustani yenye mijusi wakubwa wa kijani, kama kenge, wanaozurura miguuni mwa watu na kulala juu ya miti. Zoila alikuwa akitangaza kwamba mji gani huu usiofukuza mijusi, mara mmoja akateleza tawini akamwangukia begani. Alipiga ukelele, njiwa wote wakaruka, na papo hapo masikio yakafunguka. Akageuka huku na huku.

"Targelia, kumbe mji huu una kelele hivi?"

Kabla sijamjibu, pikipiki ya mizigo ikasimama kando yetu. Juu yake Wellington, na nyuma nguruwe hai.

"Bibie! Hotelini wamenambia mko huku. Anatosha huyu? Mtaa mzima unakungoja kesho!"

"Anamwambia nani?" Zoila akauliza.

"Wewe, shoga."

"Mimi nimeahidi nini?"

"Nguruwe wa kuoka, sikukuu ya timu," akasema Wellington. "Nilikuuliza mara tatu, na mara zote ukasema, 'Ndiyo, bila shaka.'"

"Na nini kingine?"

"Kucheza nami dansi ya kwanza."

"Na nini kingine?"

Wellington akavua kofia. "Kwamba kwa sura mimi si haba."

Melchora ilibidi akae chini kwa kicheko. Zoila angeweza kusema ukweli, lakini hapo angekiri kwamba alikuwa kiziwi mbele ya watu wa pwani tangu aliposhuka basi. Akamkagua nguruwe.

"Mwembamba huyu," alisema. "Lakini nitajitahidi."

Mwokaji mikate wa mtaani akatuazima tanuri. Nguruwe alipokwisha kuchinjwa, tulimpaka vitunguu saumu, bizari na ndimu. Shali lilivuliwa saa ile ile, sketi moja ikafuata. "Joto la humu ndani na la huko nje, tofauti ni paa tu," alilalamika, lakini alikuwa akiimba.

Jumapili wanawake wa mtaa wakaleta sufuria ya wali ambayo mtu mzima angeweza kuogea. Zoila akaizibia njia.

"Nguruwe wangu haliwi na wali. Analiwa na mahindi meupe ya kuchemsha."

"Mahindi sisi tunawapa kuku, mama," akasema mmoja wao.

"Na wali mnampa nani?"

"Wanaume, wapate kunyamaza."

Nilidhani vita imeanza. Zoila akaangua kicheko mpaka akashika meza. "Kumbe!" alisema. "Marehemu wangu alinyamaza kweli!" Akachukua upawa, akaanza kupakua wali kwa mkono wake. Kisha akatimiza ahadi ya dansi, ingawa Wellington hucheza kama mtu anayetafuta ufunguo aliouangusha.

Kabla mwaka haujaisha mzee alipanda kwetu kuposa. Alishuka basi midomo imekuwa ya buluu kwa hewa nyembamba ya milimani, akalala siku mbili akiomba padri. Kuishi milimani hawezi, na Zoila hahamii pwani. Basi wakapatana: mara moja kwa mwezi hukutana La Troncal, mji ulio katikati ya njia, usio na cha kutazama.

Nilimwuliza huko huwa wanafanya nini.

"Tunagombana," alisema huku akifunga kikapu. "Na basi la kurudi kila mara linatukuta hatujamaliza."