Awe Mfano kwa Wengine

Siku kaka yangu alipohukumiwa Kakamega, mama alipiga vigelegele kortini. Kosa lilikuwa langu.

Ilikuwa muda mfupi baada ya uhuru. Kaka alikuwa ameiba fahali wa jirani yetu wa Khayega na kumuuza. Jirani alikimbilia polisi kwa hasira, kisha hasira ikamwisha. Asubuhi ya kesi tulitembea naye hadi mjini, mama akiwa amebeba kuku kikapuni. Kwetu, aliyeiba ng'ombe alirudisha ng'ombe, akaongeza kuku wa kuomba msamaha. Kuku akapikwa, watu wakala obusuma, ugali wetu, pamoja, maneno yakaisha. Mama aliamini hakimu angesimamia hayo tu, kisha turudi na kaka nyumbani.

"Huyo kuku usimpe hakimu," jirani alimtania. "Ni wangu."

"Ungekuja kwangu kabla ya kwenda polisi, mla kuku wewe, ungekuwa umeshamla."

Kuku tulimwacha nje, amefungwa miguu.

Mama hakujua Kiswahili. Mimi, binti yake, nilikuwa nimemaliza shule ya msingi, kwa hiyo nilikaa ubavuni mwake nimnong'oneze. Hakimu alisema Kiingereza, mkalimani akageuza kwa Kiswahili, nami nikageuza kwa lugha yetu. Niliogopa hata kukohoa.

Hakimu alisema maneno mengi. Mkalimani akayafupisha: "Wizi wa mifugo umezidi. Korti inataka wewe uwe mfano kwa wengine."

Neno hilo nililijua vizuri. Shuleni mwalimu aliwahi kunisimamisha mbele ya darasa kwa sababu ya mwandiko wangu, akasema niwe mfano kwa wengine, nikapigiwa makofi. Siku ile nilikimbia mpaka nyumbani kumwambia mama.

Nikamnong'oneza, "Wamemsifu. Ni neno lile la mwalimu wangu: wanataka wengine wawe kama yeye."

Mama akasimama akapiga vigelegele. Korti nzima iligeuka.

"Mnyamazisheni huyo mama!" karani akafoka.

Kaka alitutazama kutoka kizimbani. Yeye alijua Kiswahili. Sijaona tena uso kama ule.

Mkalimani akamalizia: "Miaka mitatu jela, na viboko kumi."

Mama akanivuta nguo. "Amesema nini?"

Akanivuta tena. Kaka ndiye aliyemjibu, kwa lugha yetu: "Mama, keti. Nimefungwa."

Jirani aliinua mkono. "Mheshimiwa, na fahali wangu?"

Akaambiwa kesi imekwisha, atoke. Alibaki amesimama, mkono juu, hadi askari akamshika bega.

Nje, mama alimpa kikapu. Jirani alirudi nyuma kama aliyeonyeshwa nyoka.

"Nitamlaje, mama, na mtoto wako yuko ndani? Mimi nilitaka ng'ombe wangu. Sikuomba apigwe."

Akatangulia peke yake. Sisi tulirudi na kuku yule yule, akilia njia nzima.

Tulipokaribia Khayega mama akauliza, "Hilo neno ulilonigeuzia. Maana yake nini?"

Nilitafuta jinsi ya kusema. "Ni mtu anayeumizwa ili wengine waone, waogope."

Kisha akasimama katikati ya njia, akanishika mkono, akaugeuza huku na huku kama anayetafuta kovu.

"Na wewe," akasema polepole, "siku ile mwalimu alipokusimamisha mbele, walikufanya nini?"