Tulipokuwa Sentensi

Kutoka Kisumu tulisafiri kwa gari la moshi siku nzima na usiku wake, mama akitugawia viazi vitamu vilivyopoa. Nairobi tukapanda lori hadi Ruiru, ambako baba alikuwa amepata kazi kwenye shamba la kahawa. Nimehama miji mingi tangu hapo, rafiki yangu, lakini harufu ya maganda ya kahawa yanayooza hunirudisha palepale, kwenye shule yetu ya chumba kimoja cha mabati.

Tulikuwa watoto wa kila lugha, na Kiswahili chetu kilikuwa cha kuokotaokota. Mwalimu hakusahihisha insha kwa wino mwekundu. Akikuta sentensi yenye kosa, aliita watoto mbele, akampa kila mmoja neno moja aliandike kwenye kibao chake na kulishika kifuani. Siku moja sentensi ilikuwa yangu: "Viatu yangu imepotea." Neno "yangu" lilishikwa na jirani yangu wa dawati, mvulana mrefu kutushinda sote.

"Nani hapa si wa nyumba hii?" mwalimu akauliza.

"Huyo mrefu!" msichana mmoja akadakia. "Amefuata viatu ya wenyewe!"

"Viatu ya nani? Njoo usimame naye."

Tulicheka mpaka vibao vikatikisika. Yule mrefu akafuta, akaandika "vyangu", na aliyeshika "imepotea" akaandika "vimepotea".

Mtihani wa darasa la nne ulipokaribia, vicheko vilipungua. Aliyefaulu angeendelea na masomo Thika. Aliyeshindwa angepewa debe achume kahawa. Baba aliniambia hivyo bila ukali, kama mtu anayetaja hali ya hewa.

Siku ya insha hapakuwa na wa kunishikia neno. Nilimaliza kuandika, nikafumba macho, nikawapanga wenzangu kwa kila sentensi, nikiangalia nani amesimama kwa watu wasio wake. Niliwatoa kadhaa.

Nilifaulu. Jirani yangu wa dawati alishindwa.

Siku hizi kahawa ile imeng'olewa, pamejengwa vyumba vya kupangisha, na niliowauliza hawajui kulikuwa na shule. Lakini asubuhi niliyoondoka, miti ilikuwa imejaa matunda mekundu. Lori lilipita kando ya wachumaji, na yule jirani yangu wa dawati alikuwa kati yao, debe limefungwa kiunoni.

"Wee!" akaniita. "Ukisikia kazi huko Thika, uniambie, eeh?"

"Nitakuambia!"

Alitaka kusema jingine, lakini nyapara alikuwa anakuja. Akainama, akaendelea kuchuma.